Tamko Kuhusu Kumsema Mtu Hadharani na Haki Yake ya Kujibu

Kwa wananchi wa Jiji la Arusha na wa halmashauri za Arusha na Meru. Kwa wamiliki na mameneja wa kampuni za utalii. Kwa wahariri wa redio, magazeti na televisheni za mtandaoni. Kwa viongozi wa Serikali na wa vyama vya siasa. Na kwa wanachama wetu popote walipo, mlimani au mbugani.

Sisi waongoza watalii, madereva, wapishi na wapagazi tulioungana katika chama kimoja, wengi wetu wakazi wa Usa River, Poli, Tengeru, Sakina na Ngaramtoni, tumekaa kikao na kukubaliana kutoa tamko hili. Linahusu jambo moja. Mtu akitajwa hadharani kwa ubaya, iwe kwenye simu ya mgeni aliyekwisha kurudi kwao au kwenye kipaza sauti cha kiongozi, apewe nafasi ya kujibu pale pale alipotajwa, na asinyang'anywe riziki wala uhuru kabla hajasikilizwa. Hatuombi watu wanyamaze. Atakayelisoma tamko hili kama ombi la kuwafunga watu midomo atakuwa amelisoma vibaya.

Lililotuleta kikaoni ni hili. Mwanachama wetu mmoja, mwongozaji mwenye leseni, alipanda Mlima Meru na wageni wanne. Usiku wa kuelekea kileleni, wakiwa wameshaondoka kibanda cha Saddle lakini hawajafika Rhino Point, mgeni mmoja alianza kutapika na kuyumba kama mlevi. Kila aliyefanya kazi mlimani anajua dawa ya hali ile ni moja tu, kushuka, na kushuka saa hiyo hiyo. Mwongozaji akamshika mkono mgonjwa, wakageuza. Watatu waliobaki akawaacha na msaidizi wake pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, ambaye kwa utaratibu wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha hupanda na wageni kwa ajili ya nyati na tembo. Watatu wale wakafika kileleni, mita 4,566, jua likichomoza ng'ambo ya Kilimanjaro, wakapiga picha zao. Mmoja wao alipofika kwao aliandika kwamba kiongozi wao aliwatelekeza gizani. Akataja jina, akabandika picha ya mwongozaji, akatoa nyota moja.

Ofisi iliyasoma maoni hayo kabla mwongozaji hajasikia kwamba yapo. Akapigiwa simu: "Kaka, pumzika kwanza mambo yapoe." Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Mambo hayakupoa mpaka msimu mkubwa ukaisha. Hapo wenye ofisi watasema hakufukuzwa mtu, na kwa karatasi wanasema kweli, kwa sababu wengi wetu hatuna ajira ya kudumu. Tunaitwa safari kwa safari, na asiyeitwa hana pa kukatia rufaa.

Kampuni ilimjibu mgeni. Ikamwomba radhi na kumhakikishia kwamba hatua zimechukuliwa. Wasomaji wengi hawajui kwamba katika kurasa za maoni za aina ya TripAdvisor nafasi ya kujibu ni ya mwenye biashara. Mfanyakazi aliyetajwa jina na kuonyeshwa uso hana mlango wa kuingilia. Mwenye biashara naye, akitazama hesabu zake, huona kuomba radhi ni rahisi kuliko kumtetea mtu wa siku nne. Asiyekuwapo na lake halipo. Yule mgonjwa aliyeshushwa, shahidi ambaye angemaliza shauri kwa mstari mmoja, hakuandika kitu. Waliopona huwa wanaendelea na shughuli zao.

Tunasema haya bila kuyadharau maoni ya wageni. Yamewafaa wengi miongoni mwetu. Kijana aliyeanza na gari moja la kukopa, asiye na ofisi mjini wala ndugu Ulaya, leo anapata wageni kwa sababu waliotangulia waliandika kwamba ni mkweli na gari lake halilali njiani. Ni maoni ya wageni pia yaliyoanika kampuni zinazowalaza wapagazi kwenye mahema yanayovuja, zinazowabebesha zaidi ya kilo 20 zinazoruhusiwa, zinazokata fedha zao kwa visingizio. Malalamiko kama hayo tuliyapeleka ofisini miaka mingi bila mtu kushtuka. Mgeni mmoja akiyaandika, meneja anaamka usiku. Kwa hiyo anayetaka maoni yazuiwe asitutafute sisi tumsaidie.

Tunajua vilevile kwamba sifa mbaya haimkuti mtu mmoja mmoja tu. Mwaka 2014, Ebola ilipowaua watu Guinea, Liberia na Sierra Leone, wageni walifuta safari za Tanzania kana kwamba Monrovia ni mtaa wa nyuma wa Mnara wa Saa. Kutoka Arusha hadi Liberia ni zaidi ya kilomita 5,000. Hispania iko karibu zaidi na Liberia kuliko sisi, na hatukusikia kwamba watu waliogopa kwenda Madrid kwa sababu hiyo. Mtandaoni neno "Afrika" lilitosha. Tulichokuwa nacho wakati ule ni ramani na subira, tukamwandikia mgeni mmoja baada ya mwingine, na waliopata jibu baadhi walikuja.

Ndiyo sababu siku tusizoweza kujibu hutuumiza kuliko siku tunazotukanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Wageni waliokuwa wamefunga mizigo walikuwa wakiuliza: ndege zinatua KIA? Barabara ya kuja mjini inapitika? Tuje au tusije? Maswali yakarundikana kwenye simu zetu yakingoja jibu lisilokuja, na kwa siku hizo habari za Arusha zikasimuliwa na watu wasio Arusha. Sisi si chama cha siasa na hatutaki kugeuzwa kuwa hivyo. Lakini mwenye mamlaka ya kuzima mtandao ajue kwamba anapouzima haondoi uvumi. Anawaondoa wenye uwezo wa kuusahihisha.

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa thamani ya kusikika pale wanaposemwa. Novemba 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Tume ya Jaji Mark Wilson ilikuwa imependekeza hivyo miaka kadhaa kabla, na katika majalada ya Serikali mpango ule ulisomeka kama hatua ya maendeleo. Wameru walizungumziwa sana katika makaratasi hayo, ila sauti yao haikuwamo. Mwaka 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alifika New York akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, baraza lile lile ambalo Waingereza walikuwa wakilipelekea taarifa zao kuhusu Tanganyika. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile. Azimio lililopelekwa Baraza Kuu lilikosa theluthi mbili za kura. Hata hivyo, tangu hapo hakuna aliyeweza kuieleza habari ya Engare Nanyuki kwa upande mmoja akaachwa. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu, na TANU ilipozaliwa Julai 1954 simulizi ya Meru ilikuwa imeshatangulia mikutanoni.

Historia hiyo tunaijua tangu utotoni. Kuna nyingine ambayo tunapita mlangoni pake bila kugeuza shingo. Ukienda ofisi za Hifadhi za Taifa (TANAPA), barabara ya Dodoma, katika eneo hilo hilo imo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Wengi wetu tumeingia geti lile miaka na miaka, akili ikiwa kwenye vibali na ada. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la L'Ouragan la Burkina Faso, aliyehukumiwa jela miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa nchi yake. Majaji wakasema kumfunga mtu kwa kashfa ni kupita kiasi na ni kuvunja ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika. Hawakusema kashfa ni ruhusa. Walisema aliyekashifiwa atafute haki yake kwa njia nyingine, na jela iachwe kwa mambo mazito na ya nadra, kama kuchochea watu kuchukiana na kudhuriana.

Mambo mazito ya namna hiyo nayo yalisikilizwa mjini hapa. Katika jengo la mikutano la AICC, Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika kuanzisha redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 1994 redio ile ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, na waliotajwa wakafuatwa wakauawa. Mahakama ya rufaa, Novemba 2007, ilifuta baadhi ya hatia na kupunguza vifungo, ikaeleza kwamba si kila maneno ya chuki ni uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Ila baadhi ya yaliyotangazwa baada ya tarehe 6 Aprili 1994, mauaji yalipoanza, yalikuwa uchochezi huo. Majaji wale waliyapima maneno moja moja, wakaangalia yalitamkwa lini, kwa nani, na yalizaa nini.

Upimaji wa namna hiyo ndio tunaoukosa karibu na nyumbani. Juni 2016, katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, mkazi wa mji huu alitiwa hatiani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa alichokiandika Facebook kuhusu Rais wa wakati huo. Adhabu ikawa faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3. Maneno yale yalikuwa ya dharau, na sisi tuliolelewa na wazee wa Kimeru na Kiarusha hatuyatetei. Lakini milioni 7 ni fedha ambayo mpagazi humaliza misimu kadhaa bila kuishika yote kwa pamoja, na Rais ni mtu mwenye nafasi ya kujibu kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Neno moja la Ikulu lingesikika nchi nzima jioni hiyo hiyo. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo nayo inakaa hapa Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwamo vya kashfa, habari za uongo na uchochezi, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge lilifanya marekebisho ya sheria hiyo mwaka 2023. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kinachomtishia mtu jela kwa kuandika taarifa isiyo ya kweli, tunaomba nacho kiangaliwe kwa jicho la hukumu hizi zilizoandikwa umbali wa daladala moja kutoka majumbani mwetu.

Upande wa pili wa mizani ni viongozi wenyewe. Wananchi wamezoea kumwona mtumishi, mfanyabiashara au mwenyekiti wa kijiji akisimamishwa mbele ya umati, kamera zikiwa wazi, akaitwa mwizi na mtu asiyeweza kuulizwa ushahidi. Akifungua kinywa anaambiwa kaa chini. Klipu inazunguka kabla mkutano haujafungwa, na televisheni ya mtandaoni inaipa kichwa cha habari ambacho hata kiongozi mwenyewe hakukisema. Baadaye uchunguzi ukimsafisha, habari hiyo haina klipu. Watoto wake wameshaulizwa shuleni.

Mfano bora wa kujibizana tunao hapa hapa. Arusha kuna uwanja unaoitwa Sheikh Amri Abeid. Vijana wanaushangilia kwa mpira na wengi hawajui kwamba mwenye jina lile, pamoja na kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, alikuwa mshairi, na mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kuhusu sheria za kutunga mashairi. Washairi wa kizazi kile walishambuliana magazetini kwa maneno makali kuliko mengi ya leo. Ila aliyepigwa kwa beti alijibu kwa beti, katika gazeti lile lile, kwa jina au lakabu iliyojulikana, na msomaji akaamua nani kazidiwa. Hatuhitaji kuwa washairi ili tuurudie utaratibu huo.

Kwa msingi huo tumeazimia, na tunaomba, yafuatayo.

Kampuni za utalii ndizo tunazoanza nazo kwa sababu ndizo zenye kisu na nyama. Maoni yakimtaja mfanyakazi kwa jina au kwa picha, aonyeshwe siku yatakapoonekana, katika lugha anayoielewa, na asikilizwe kabla ya kuondolewa kwenye safari inayofuata. Maelezo yake yaandikwe. Askari wa hifadhi, msaidizi na mpishi waliokuwapo waulizwe. Mlimani hakuna tukio lisilo na shahidi. Ikibainika mgeni alikosea, jibu la kampuni liseme hivyo kwa adabu, chini ya maoni yale yale: kwamba mwongozaji alimshusha mgonjwa na wageni wengine waliachwa mikononi mwa msaidizi na askari. Mgeni mwenye busara akisoma jibu kama hilo anaiamini kampuni zaidi. Na ikibainika mwongozaji ndiye mwenye kosa, apewe adhabu inayolingana na kosa na yenye mwisho unaojulikana. "Pumzika kwanza" si adhabu inayojulikana na sheria yoyote.

Tunaomba pia wageni waelezwe mapema mahali pa kulalamikia. Mara nyingi mgeni huandika mtandaoni akiwa uwanja wa ndege kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali akiwa bado geti la Momella. Dakika kumi za kumsikiliza kabla ya kugawa bakshishi zingemaliza mengi.

Wahariri tunawaomba jambo dogo lenye uzito. Msiite mtu tapeli kwenye kichwa cha habari kwa sababu mtu mwingine amemwita hivyo. Mkimpigia simu asipokee, semeni hakupokea. Akipokea, maneno yake yakae juu, yasifukiwe mwisho ambapo hakuna anayefika. Mkikosea, sahihisho likae kwenye ukurasa ule ule na kwa sauti ile ile. Viongozi nao wakimtuhumu mtu mkutanoni wampe kipaza sauti kabla hawajaondoka jukwaani. Kama jambo bado linachunguzwa, lisitamkwe na jina la mtu.

Wanachama wetu hawamo nje ya tamko hili. Ni marufuku kwa mwanachama kulipa mtu amwandikie sifa au kumwandikia mwenzake ubaya. Wapo mjini wanaouza huduma hiyo na tunawajua. Ni marufuku kurusha kwenye makundi ya WhatsApp picha za wageni wakitapika, wakilia au wakibebwa kwenye machela, hata kama zinachekesha. Ni marufuku pia kusambaza majina na picha za pasi za wageni wanaoitwa wasumbufu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mgeni kama inavyomlinda mpagazi, na anayetaka uso wake uheshimiwe hawezi kuuza uso wa mwenzake. Mwanachama atakayevunja maazimio haya ataitwa na atasikilizwa. Akionekana ana kosa, jina lake litatolewa kwenye orodha tunayoipeleka kwa kampuni kwa msimu mmoja.

Chama kimeunda kamati ndogo ya usikilizaji yenye mwongozaji, dereva, mpishi na mpagazi, na mmoja kati yao lazima awe mwanamke, kwa kuwa wanawake wanaofanya kazi hii hutukanwa kwa maneno ambayo wanaume hawatukanwi na mara nyingi huona aibu kuyarudia mbele ya meza ya wanaume watupu. Yeyote aliyetajwa vibaya, awe mwanachama au si mwanachama, anaweza kufika na kuandikiwa jibu kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni husika, bure. Tunao wanaoandika Kijerumani, Kifaransa na Kihispania vizuri kuliko baadhi ya ofisi. Jibu likikamilika tutaipelekea kampuni ilibandike. Likikaa bila kubandikwa, tutalitoa sisi wenyewe kwa jina la chama, bila kumtukana mgeni wala kutaja makazi yake.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa kampuni tunazofanya nazo kazi. Tunazipa muda hadi msimu utakapoanza Juni kutueleza kwa maandishi kama zinakubali utaratibu wa kumsikiliza mfanyakazi, au zinaukataa na kwa sababu gani. Majibu yote tutayasoma mbele ya wanachama jinsi yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa zile ambazo hazitakuwa zimejibu, tutasema tu kwamba hazijajibu.

Limetolewa Arusha na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote.